Mwajuma "hafai kuigwa na jamii", nani kasema?

Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo gazetini kwako. Najua barua nyingi mnazopata ni za maji na barabara na taka, na mimi mwenyewe ya maji ninayo ila leo naiweka pembeni, leo nataka kumsifia mtu. Mtu mwenyewe ni Adam Shafi, yule Mzanzibari aliyeandika riwaya ya Vuta N'kuvute, na kama umesoma kidato cha tano na sita mchepuo wenye Kiswahili najua hapo ushaguna, ushakumbuka notisi, ushakumbuka mwalimu na chaki. Subiri kwanza, hicho hicho ulichogunia ndo ninachotaka kukisema.

Mwaka 2011 nilikuwa kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), shule ya bweni huko mkoani, jina naliacha maana walimu wangu walijitahidi na walivyokuwa navyo. Darasa letu tulikuwa sitini na kitu na kitabu cha Vuta N'kuvute kilikuwa kimoja, cha mwalimu, jalada limeshatoka. Sisi tulichosoma ni fotokopi ya uchambuzi kutoka steshenari ya pale stendi, kurasa chache zimebanwa pini, fani na maudhui, dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, alafu mwisho wahusika. Kila mhusika ana mistari yake minne mitano na mwisho kabisa anapewa hukumu, anafaa kuigwa na jamii au hafai kuigwa na jamii. Denge mwanamapinduzi, jasiri, mpenda haki, anafaa. Inspekta Wright mkoloni, hafai. Na Mwajuma, huyu naukumbuka mstari wake mpaka leo kwa sababu niliukariri usiku na tochi: mlevi, mpenda starehe, mhuni, ana utu, hafai kuigwa na jamii. Yaani ana utu ila hafai! Nikaandika hivohivo kwenye mtihani na nikafaulu vizuri tu, na kitabu chenyewe sikuwahi kukishika mkononi hata dakika kumi. Hapo nikajihesabu kwamba nimemsoma Adam Shafi.

Miaka ikapita. Mimi sasa hivi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, vitabu na mimi tulishaachana. Mwaka 2021 ndo zikaanza kusikika habari kwamba Vuta N'kuvute imetengenezwa sinema, kaitengeneza Amil Shivji, imeonyeshwa mpaka Toronto kwenye tamasha kubwa la filamu, na watu kwenye magrupu ya wasap wanatumiana vipande vya Unguja ile ya zamani, vichochoro na kanzu na baiskeli. Nikasema hivi huyu si ndo yule wa kwenye fotokopi? Siku moja napita barabara ya Samora, pale wanapotandaza vitabu vya mtumba chini, nikaiona, nikainunua elfu tano na muuzaji akanishangaa sikuomba apunguze.

Nikaanza kuisoma kwenye daladala. Foleni ya Mbagala unaijua, mhariri, ina muda wa kutosha kumaliza riwaya. Siku ya pili nikapitiliza kituo.

Kwa wasioijua, ni hivi kwa kifupi, na mwisho sitausema. Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Yasmin ni binti wa Kihindi wa miaka 15, kaozwa kwa nguvu kwa mzee Raza, mwenye duka pale Mtendeni, mzee wa miaka 52. Baadae wanahamia Mombasa, binti yanamshinda, anatoroka kurudi kwao Unguja. Anakwenda kwa mjomba wake Gulam na mjomba anamfukuza, hataki hata kumwona, kawatia aibu. Msichana yupo barabarani, wa kabila lake hakuna anayemtaka, hana hela, hana pa kulala. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke mmoja wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Unguja, mwimbaji wa taarab, kachumba kake kadogo, maisha ya leo tule nini, na hamuulizi maswali, anamwambia karibu tu, wanabanana hukohuko. Huyo ndo Mwajuma wangu wa fotokopi. Mlevi, mpenda starehe, hafai.

Sasa niseme kwa nini nilipitiliza kituo. Mwaka mmoja nyuma yake dada yangu, mdogo wangu kwa mama mmoja, alikuwa kaondoka kwa mumewe. Mume kamzidi miaka mingi, na mambo aliyokuwa anafanyiwa siyo ya kuandika gazetini. Akaja nyumbani na mtoto mgongoni na begi moja, na sisi nyumbani tukafanya kikao. Kikao kizima watu wanasema vumilia, ndoa ni uvumilivu, mahari tumeshakula, rudi kwa mumeo. Na mimi nilisema, siwezi kujitoa, nilisema kabisa kwa mdomo wangu, rudi mama, mkayamalize. Hakurudi. Alikwenda kupokelewa na mama mmoja jirani wa nyumba ya tatu, anapika vitumbua alfajiri na jioni mishkaki, na huyo mama mtaani ana sifa zake, vigodoro vyote yumo, bia anakunywa mchana kweupe na akikuona unamwangalia anakuuliza unataka na wewe? Mama yangu alikuwa anatukataza kupita hata uani kwake. Huyo ndo aliyetandika godoro chini akalala yeye, kitanda akampa dada yangu na mtoto, miezi saba.

Mimi nikakutana na hiyo kitu kwenye kitabu nikiwa nimesimama nimeshika bomba, konda anapiga kelele mbele sogea mbele, na mbele sioni. Gulam ni mimi! Kwenye ile fotokopi Gulam aliandikwa mstari mmoja tu, mjomba wa Yasmin, anawakilisha mila kandamizi, na mimi nilipokuwa naukariri sikujua naikariri picha yangu mwenyewe ya miaka kumi mbele.

Basi ndo nikamtafuta huyu mzee na vitabu vyake vingine. Kazaliwa Unguja mwaka 1940, na ukimsoma unajua kabisa hakuisoma Unguja kwenye ramani. Ananogesha, sijui nitumie neno gani lingine. Watu wake wanakula, wanadaiwa kodi, wanatukanana kwa mafumbo, wanakunywa kahawa barazani huku wanasengenya serikali. Hata polisi wake wanachekesha, kuna Koplo Matata ambaye kazi yake ni kumfuatafuata Denge, na kila akitokea najua nitacheka na watu kwenye gari wataniangalia. Na Denge mwenyewe sasa, shujaa wetu aliyesoma Urusi, anayeingiza magazeti na vitabu vilivyopigwa marufuku, siyo malaika hata kidogo. Anasahau ahadi anazompa binti wa watu, anapotea siku nyingi, ana kichwa kimejaa siasa na nyumba yake hana hata mkeka wa maana. Mwandishi anampenda na bado anakuachia umkasirikie. Hicho ni kitu ambacho notisi haziwezi kukibeba maana notisi zinataka afae au asifae.

Riwaya yake ya Kuli nayo niliisoma kwa sababu ya babu. Ilitoka 1979, inamhusu Rashidi, mtoto wa kuli ambaye naye anaishia gatini kubeba magunia, mwenzake Faraji anamwelimisha, na taratibu macho yanafunguka mpaka tunafika kwenye mgomo mkubwa wa 1948 uliosimamisha mji wa Unguja. Huo mgomo ni kweli ulikuwepo. Babu yangu mzaa baba alikuwa kuli hapahapa Dar es Salaam na alikuwa anatusimulia mgomo wa kwao wa 1947, ulioanzia bandarini ukapanda na reli mpaka bara huko, na sisi watoto tulikuwa tunasinzia, tunamwona babu anarudia yaleyale. Alifariki mimi nipo kidato cha pili. Nimeisoma Kuli nikiwa mtu mzima naona bega la babu, lilikuwa na kinundu kigumu kama goti, tulikuwa tunakichezea, na hakuna siku hata moja niliyomuuliza kimetokana na nini.

Ila nisimsifie mpaka nionekane nimelipwa. Vitabu vyake vya mwanzo vina hotuba. Kuna mahali kwenye Kuli watu wanazungumza kama wapo mkutanoni, hakuna anayekohoa, hakuna anayekatiza, wote wanasema haki za wafanyakazi kwa sentensi zilizonyooka. Kasri ya Mwinyi Fuad, ya 1978, inakwenda vizuri sana ikiwa kwenye lile jumba la bwana mwenye mashamba na mikarafuu na Kijakazi, yule mtumishi wa watu ambaye kafundishwa kumtukuza bwana wake mpaka anaona dhambi kumnung'unikia (hata jina lenyewe kapewa Kijakazi!), hapo inauma kweli. Yanapokuja Mapinduzi ya Januari 1964 kila kitu kinakuwa cheupe na cheusi, wabaya wanajulikana, wema wanajulikana, jua linachomoza. Nilipomaliza nikasema sawa mzee, lakini mbona safi hivi?

Jibu alilitoa mwenyewe, na hapa ndo heshima yangu kwake ilipozidi kabisa, kwa hiyo naomba mhariri usinikatie hii sehemu.

Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume, rais wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi, Unguja ikafungwa, watu wakaanza kuzolewa. Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa ndani. Yaani huyu ni mtu ambaye kashaionja seli ya serikali ya mapinduzi, alafu anatoka, na kitabu anachokichapisha 1978 ni cha kuyapokea mapinduzi kwa mikono miwili. Halafu inapita miaka ishirini na mitano, mwaka 2003, ndo anatoa Haini. Haini ni seli tu. Hamza anachukuliwa nyumbani na baada ya hapo ni mlango wa chuma, kuhojiwa, kupigwa, kungoja, kuhojiwa tena, jina la mtu mmoja linalotajwa kwa maumivu linamleta mwingine kesho yake. Hakuna hotuba humo. Hakuna anayezungumza sentensi iliyonyooka, watu wanazungumza kama watu wenye njaa.

Mimi nimejiuliza sana ilikuwaje. Wapo watakaosema mwanzo alikuwa mwoga, mimi sikubaliani. Naona ni mtu aliyekuwa anaamini kweli kwamba Kijakazi alistahili kufunguliwa, na bado anaamini, hajafuta hata neno moja la Kasri, ila alikuwa na deni la pili na hilo lilichukua robo karne kulipika. Ukivisoma viwili hivi mfululizo, Kasri kwanza alafu Haini, utakuwa kama unamsikiliza mzee mmoja anabishana na ujana wake mwenyewe bila kuutukana. Wanasiasa wetu wangapi wanaweza hiyo? Sisi wenyewe tu, mimi kumwambia dada yangu kwamba siku ile ya kikao nilikosea ilinichukua mwaka na nusu, na nilimwambia kwa meseji.

Kipo pia Mbali na Nyumbani, cha 2013, hicho ni cha maisha yake, kijana anaondoka Unguja kwenda kutafuta elimu Ulaya na nauli hana, anakwenda kwa nchi kavu, Uganda, Sudan, anapanda hiki anashuka kile. Vijana wanaopenda stori za kuzamia waanze na hicho, hawatakiweka chini. Mimi nilikisoma haraka sana nadhani nitakirudia.

Kuna jambo moja nalisema bila ubaya. Mwezi uleule ambao sinema ya Vuta N'kuvute bado inazungumzwa, Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, akapata Nobel ya fasihi, na nchi nzima tukajaa fahari, wa kwetu wa kwetu, hata ambao hatujawahi kusikia jina lake tuliweka picha yake status. Na ni haki yake, na Ida Hadjivayanis alipoitafsiri riwaya yake ya Paradise kwa Kiswahili ikaitwa Peponi nikainunua na nikaipenda. Lakini tulingoja wazungu watuambie ndo tukashtuka, na tulingoja tafsiri ndo tukasoma. Adam Shafi yeye kaandika Kiswahili tangu mwanzo, cha Unguja, kitamu, hakuna wa kututafsiria, kipo hapa zaidi ya miaka arobaini, na sisi tumemgeuza swali la mtihani la maksi ishirini. Mtu akimaliza kidato cha sita anamchukia kabisa, kama vile unavyoichukia ugali maharage ya bweni, na ugali haujakosa kitu.

Sasa ushauri wangu kwa wasomaji wenzangu, wa bure. Kama ulimkariri shuleni anza upya na Vuta N'kuvute na usishike kalamu. Usitafute dhamira. Ukiona neno la Kiunguja hulijui lipite, litajieleza mbele ya safari, au muulize mtu wa pwani atafurahi. Haini usiisome usiku kama una presha, nasema kweli. Kuli mpe mzee yeyote aliyefanya kazi bandarini au reli alafu kaa karibu usikilize atakachokumbuka, ambacho mimi sikuwahi kukipata. Na kupatikana kwake ni tabu, hilo najua, nimezunguka maduka mawili matatu nikaambiwa kipo cha shule tu, kingine mpaka uagize, na Kasri nimeisoma ya kuazima, imechanika ukurasa wa mwisho ikabidi mwenye kitabu anisimulie kwa simu. Wenye mamlaka ya kuchapa wakiona barua hii wajue wateja tupo, hata kama tunanuka oili.

Na walimu wangu wa Kiswahili popote mlipo, sina kesi na nyinyi, kitabu kimoja kwa watu sitini mngefanyaje. Ila lile safu la anafaa na hafai mngelitoa tu.

Kile cha elfu tano sasa hivi sinacho. Nilimpa dada yangu, yeye bado yupo mtaani kwetu, kapanga chumba chake, na alfajiri anakwenda kumsaidia yule mama kukoroga na kukaanga. Mama mwenyewe macho yamepungua na kusoma hakusoma sana, kwa hiyo dada anamsomea, kurasa mbili tatu kila siku moto ukikolea, mafuta yanachemka huku Yasmin anahangaika na Mombasa yake. Juzi nimepita saa kumi na moja na nusu kuchukua vitumbua vya dukani, nikamkuta yule mama kashika mwiko juu, kaacha kugeuza, vinaungua, anamwambia dada hebu rudia hapo, hapo Mwajuma alipomfungulia mlango. Nikauliza vipi mama, kitabu kizuri? Akanijibu bila kuniangalia, kizuri, ila huyu Mwajuma angemwambia kwanza yule mtoto akoge ale, hayo mazungumzo yangekuja kesho.

Msomaji wako,
Muuza spea,
Mbagala, Dar es Salaam